Kuipeleka Imani ya Kitabuni Kwenye Filamu: Mwongozo kwa Anayejenga Dunia ya Kufikirika

Jioni Magomeni adhana ya magharibi inasikika huku kwaya ikifanya mazoezi nyumba ya tatu, na kwenye nguzo ya umeme kati ya nyumba hizo pamebandikwa kibao cha mganga chenye namba ya simu. Mtazamaji wa Dar amekulia hapo. Anapokaa kutazama filamu yenye miungu ya kubuni, majini na mizimu, anakuja na bibi yake aliyetambika, na ustadhi au mwalimu wa Biblia aliyemfundisha utotoni, na jirani aliyekuwa akipandisha mashetani usiku. Hawezi kuwaacha mlangoni.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye riwaya, utenzi au ngano ya dunia isiyokuwepo, anayetaka kuifanya filamu au tamthilia. Mfano nitakaourudia ni Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1952, kwa sababu wengi tumeisoma na imejaa tunachokitafuta: jini, laana, safari ya bahari, mji uliogeuka mawe. Hapa tunaitumia kwa mazoezi. Ukitaka kuishuti kweli, au kushuti kitabu chochote cha mtu, kazi ya kwanza ni kuwatafuta wenye haki za kitabu na kuandikiana.

Ninachoshikilia ni kwamba imani ndani ya hadithi ina kazi inayoifanya. Inamzuia mtu, inamlazimisha, inamfariji, inamgombanisha na nduguye. Ukiijua kazi hiyo, unaweza kubadili vazi lake lote na hadithi ikasimama. Usipoijua, hata ukibakiza kila joho na kila chetezo cha ubani, utakuwa umebaki na maleba tu.

Hatua ya kwanza: soma kwa kalamu tatu

Chukua nakala unayoweza kuichafua. Kwa wino mwekundu pigia mstari wanachosema wanaamini. Kwa bluu, wanachokifanya kwa sababu ya imani hiyo. Kwa kijani, kinachowagharimu.

Jaribu kwenye sini maarufu ya Adili. Ikibali, mjumbe wa Mfalme Rai, amefika Janibu kwa liwali Adili. Usiku anamchungulia mwenyeji wake na kumwona akiwachapa nyani wawili, kisha akiwalisha chakula kizuri huku akilia. Nyani hao ni nduguze, Hasidi na Mwivu, na viboko ni amri ya jini Huria. Wekundu haupo kabisa hapo. Bluu ni kiboko na sahani. Kijani ni usingizi wa Adili na moyo wake. Ndiyo maana sini hiyo inashika: hakuna anayehubiri, na bado tunaelewa kwamba kuna nguvu juu ya liwali ambayo hata cheo chake hakiwezi kuibembeleza.

Ukimaliza, hesabu. Kurasa zenye wekundu peke yake ndizo za kukata au kugeuza kuwa tendo. Nimesoma skripti nyingi za vijana wetu, na kosa ninalolikuta zaidi ni mzee mwenye mvi anayekaa kwenye kigoda dakika nne akieleza miungu ya ufalme. Mzee huyo anasoma wino mwekundu. Mpe kitu cha kufanya, au mwondoe.

Hatua ya pili: amua kama nguvu ile ipo kweli

Hapa usiharakishe. Kila dunia ya kubuni inadai jibu: je, miungu ipo na inatenda, au watu wanaamini tu, au hadithi inakataa kusema? Mwandishi wa kitabu anaweza kukwepa, maana maneno yana ukungu wake. Kamera ni ngumu zaidi. Ukionyesha mzimu umesimama mlangoni peke yake, hakuna mhusika anayeutazama, umeshajibu: upo.

Katika tamthilia ya Game of Thrones, iliyorushwa kuanzia 2011 hadi 2019, makuhani wa mungu wa moto wanafufua maiti mbele ya macho yetu. Mungu huyohuyo anapelekewa mtoto wa kike achomwe hai ili baba yake ashinde vita, na ushindi hauji. Mtazamaji anabaki na nguvu iliyothibitika na ahadi isiyoaminika. Huo ni uamuzi uliokusudiwa. Hapa kwetu kuna Maangamizi, ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, filamu iliyoiwakilisha Tanzania kwenye mashindano ya Oscar mwaka 2001. Mwanamke ambaye hajasema kwa miaka mingi amelazwa hospitali ya wagonjwa wa akili, na mhenga wake humtokea. Daktari aliyetoka Marekani anaanza upande wa kutoamini. Filamu ingeweza kuufanya mzimu huo kuwa dalili ya ugonjwa na kumaliza. Haikufanya hivyo, na ndiyo maana bado tunaizungumza.

Sasa jini. Mwandishi wa nchi nyingine anaweza kumpanga jini pamoja na joka la kutema moto, viumbe vya hadithi. Dar huwezi. Kwa Mwislamu jini ni kiumbe kilichotajwa ndani ya Qurani, na sura ya 72 imepewa jina hilo. Wapo majini wema na wapo waovu. Kwa mtazamaji aliyezoea maombezi kanisani, neno hilohilo lina maana ya pepo mchafu wa kukemewa. Wote wawili wamelipa kiingilio kimoja na wamekaa viti vinavyopakana. Ukimtoa Huria gizani kwa moshi na kicheko cha mwangwi, wa kwanza atasema umemdhalilisha na wa pili atasema ameshamjua. Hadithi yako imekufa kwa wote wawili.

Kitabu chenyewe kinatoa njia. Adili ndiye aliyemwokoa Huria kwanza, kabla Huria hajamwokoa yeye. Anza na deni hilo. Mwonyeshe akiwa dhaifu, anayewindwa, kisha mwenye shukrani, na nguvu zake zije baadaye. Kwa mpangilio huo mtazamaji wa kila upande anamjua kwa tabia yake kabla hajamjua kwa jina la aina yake. Na yale macho meupe ya lenzi tuliyoyaona kwenye filamu nyingi za kutisha za hapa Bongo, yaache. Yamekwisha nguvu. Jini anayeongea kwa upole na asiyepepesa macho anaogopesha zaidi.

Jambo moja sitalilegezea: usimtilie mwigizaji aya za Qurani au za Biblia kinywani zikitumika kama bunduki ya kumlipua jini. Kama dunia yako ni ya kubuni, tunga maneno yake. Kama umeamua dini halisi imo, iheshimu kama wenyewe wanavyoiheshimu.

Hatua ya tatu: tazama wenzako walipokata, na kilichotoka damu

The Golden Compass, filamu ya mwaka 2007 iliyotokana na riwaya ya Philip Pullman, ndiyo somo la hofu. Kitabuni watesi ni Kanisa, limetajwa hivyo. Filamu ililainisha, ikabaki na utawala wa mabavu usiojulikana unaamini nini, na sehemu ya mwisho ya kitabu ikaachwa nje. Matokeo yake wabaya wanawaumiza watoto na hujui kwa nini. Vitabu viwili vilivyofuata havikufanywa filamu. Hadithi ilirudi kama tamthilia mwaka 2019 ikaimaliza safari yote. Ukiogopa kazi ya imani katika kitabu, bora usikichague kitabu hicho.

The Lord of the Rings inafundisha kinyume chake. J. R. R. Tolkien alikuwa Mkatoliki wa kweli na aliandika mwenyewe kwamba kitabu chake ni cha kidini hadi kwenye mizizi, lakini humo huoni hekalu wala misa. Imani yake imekaa kwenye huruma: Gollum, kiumbe aliyeharibiwa na tamaa ya pete, anaachwa hai ingawa anastahili kufa. Kitabuni maneno ya mchawi mzee Gandalf kuhusu huruma hiyo yanasemwa mapema, nyumbani, safari haijaanza. Kwenye filamu ya mwaka 2001 yamehamishiwa ndani ya mgodi wa Moria, gizani, Gollum mwenyewe akiwa ananyemelea nyuma yao. Maneno yamesogezwa mahali yatakapouma. Huko ndiko kuhamisha imani, na mtu yeyote mwenye skripti anaweza kuijaribu leo: chukua sentensi ya imani unayoipenda kuliko zote, itafutie sini ambamo kuitii ni hatari.

Dune nitaisemea kwa sikio la Kiswahili. Frank Herbert, mwaka 1965, alijaza riwaya yake maneno ya Kiarabu na ya Kiislamu. Filamu ya Denis Villeneuve ya mwaka 2021 ililiepuka neno jihadi lililotapakaa kitabuni, ikasema vita vitakatifu, lakini ikabakiza Mahdi na Lisan al-Gaib. Mtazamaji wa Ulaya anasikia sauti ngeni tamu. Sisi tunasikia lisani na ghaibu, maneno yaliyomo ndani ya Kiswahili chetu. Hata nchi ya Mfalme Rai inaitwa Ughaibu. Na Mahdi kwa Waislamu ni mtu anayesubiriwa kweli. Filamu hiyo iliwakera baadhi ya watazamaji kwa kutumia maneno na mavazi ya watu ambao kwenye nafasi kubwa za uigizaji hawakuonekana. Lalamiko hilo naliona la haki. Ila sehemu ya pili ya mwaka 2024 ilifanya jambo zuri: ilimfanya Chani, msichana wa jangwani anayependwa na shujaa, awe mwenye shaka, ikawagawa watu wa jangwani kati ya wanaouamini utabiri na wanaoukataa. Hakuna jamii yenye imani moja yenye uzito mmoja. Kila kijiji cha kubuni kinahitaji angalau mtu mmoja anayekaa nje ya mlango wakati wa ibada, na sababu yake.

Hatua ya nne: chuja lugha

Kiswahili si chungu kitupu. Maneno yetu ya imani yameshabatizwa na kusilimu zamani, na ukiyatumia bila kuyapima yanaingia na dini yake mkononi.

Andika swala, umemtaja Mwislamu. Toa w, ibaki sala, watu wengi wanaona kanisa. Kuhani na hekalu vinanukia Agano la Kale. Sadaka wanaitumia wote, lakini mmoja anaona kapu linapitishwa na mwingine anaona maskini mlangoni. Tambiko ni la wahenga. Pepo ni shetani, na peponi ndiko tunakotaka kwenda. Hata siku za wiki zina ibada ndani yake: tunahesabu kutoka Ijumaa, Jumamosi ikiwa ya kwanza hadi Jumatano ya tano, kisha tunasema Alhamisi, neno la Kiarabu ambalo nalo maana yake ni ya tano. Mhusika wa ufalme wa kubuni akisema "tukutane Ijumaa", ufalme wako umepata msikiti bila wewe kujua.

Tengeneza daftari la maneno kabla ya rasimu ya pili. Weka humo neno la nguvu kuu, neno la mtumishi wake, neno la kuomba, neno la kutoa, neno la uchafu, salamu na kiapo. Kiapo kipe siku nzima, kwa sababu ndicho kitakachosemwa mara nyingi kuliko yote, kwa hasira, kwa mapenzi, kwa uongo. Waigizaji wetu wakichanganyikiwa watasema "wallahi" au "haki ya Mungu" bila kufikiri. Wape cha kushika. Kiapo kizuri kinatoka kwenye kile watu wale wanachokiogopa. Kama ni wavuvi wanaoabudu maji kupwa na kujaa, mtu aape kwa bamvua, maji yanayojaa kuliko yote, "bamvua linikute mchangani", na mtoto wa mtaani atakuwa analisema wiki inayofuata. Tumia maneno ya Kibantu na ya pwani yaliyolala: mzimu, mviga, kaya, kilinge, mwiko. Usitunge maneno ya sauti ngeni yenye vistari katikati. Mtazamaji hawezi kuogopa kitu asichoweza kukitamka.

Hatua ya tano: ukikopa, bisha hodi

Dunia za kubuni hazijengwi kwa hewa. Zinajengwa kwa vitu vya watu. Black Panther ya mwaka 2018 ilichanganya waziwazi: kofia za wanawake wa Kizulu, mablanketi ya Basotho, na lugha ya Kixhosa, aliyoileta John Kani, Mxhosa mwenyewe, akiigiza kama mfalme mzee. Ruth E. Carter alipata Oscar kwa mavazi yale. Mchanganyiko ulikubalika kwa sababu kila kipande kilijulikana kilikotoka, na kilivaliwa na watu wenye hadhi ndani ya hadithi.

Kwetu hatari iko kwenye vinyago. Mapiko ya Wamakonde ni sura za ngoma zenye heshima na siri zinazohusiana na jando na unyago. Kuona jambazi wa kubuni amevaa lipiko kwa sababu prodyuza ameliona Mwenge kwenye vibanda vya wachongaji, inauma. Vivyo hivyo shuka jekundu la Kimaasai, ambalo siku hizi kila kabila la kubuni linavishwa. Mwambie fundi achonge sura mpya. Atafurahi zaidi kuliko kuuza ya zamani.

Miaka kadhaa iliyopita niliandika sini ya tambiko kwa hadithi ya kubuni nikidhani nimeiva. Nikampelekea bibi mmoja wa Kizaramo, Chanika, nikamsomea. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Mjukuu wangu, hao mnaowaita ni wazee gani?" Nikasema, wazee wa ukoo, bibi. "Hawana majina?" Nikanyamaza. Akasema, "Mzimu hauitwi kwa jumla. Ukisema wazee, nani ageuke? Mtaje babu yake, umtaje na babu wa babu yake, na yule aliyefia ugenini umtaje kwa sauti ya chini. Na unga anaushika nani? Umeniwekea wanaume watupu." Nilirudi nikaiandika upya usiku uleule. Majina sita ya watu wa kubuni, moja likisemwa chini, na msichana wa miaka kumi ameshika kibakuli cha unga na maji. Sini ikafupika na ikawa mara mbili ya uzito.

Ukienda kwa mzee kama huyo, usiende na fomu. Nenda na muda na kitu cha mkononi, msomee kwa sauti, na usimuulize kama ni sahihi. Muulize, "Hapa ungekuwa wewe, ungefanya nini?" Akikwambia jambo fulani halionyeshwi, halionyeshwi. Kamera inaweza kubaki nje ya mlango na mtazamaji akasikia.

Kuna mkopo mwingine usioonekana. Mji wa Mawe kitabuni uliangamia kwa kuabudu masanamu, na binti Mwelekevu peke yake akabaki hai. Ukiishuti hivyo katika jiji lenye mahekalu ya Wahindu Kisutu na sanamu za watakatifu kwenye Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, sanamu zako zitafanana na za jirani wa mtu. Rudi kwenye kazi ya imani: mji ulionywa ukafanya moyo mgumu, na ugumu ule ukatoka nje ukawa mwili. Hilo linaweza kuonyeshwa bila sanamu hata moja. Watu wanaopita pembeni ya mwenye njaa sokoni, mmoja mmoja, na sura zinazoanza kukauka. Wengine watasema hapo nimemsaliti mwandishi. Mimi naona nimemtii.

Hatua ya sita: ibada moja, mara tatu

Kitabu kinaweza kuwa na sherehe kumi na mbili. Filamu ya saa moja na nusu haibebi zaidi ya moja. Ichague, kisha ionyeshe mara tatu: mara ya kwanza kamili na ya utulivu, ili mtazamaji ajifunze utaratibu, mara ya pili imevurugwa, mara ya tatu inafanywa na mtu asiyestahili, au kwa njia iliyopinduliwa. Kwa Adili ni viboko na mlo. Usiku wa kwanza tunaviona kupitia macho ya Ikibali. Usiku wa pili mkono wa Adili unashindwa, na Huria anadai. Usiku wa tatu ni ule ambao Mfalme Rai amewaombea nyani msamaha, sahani imeandaliwa na kiboko hakipo. Sherehe nyingine zote zitokee kwa mbali, ngoma zikisikika ng'ambo.

Hatua ya saba: linda sauti

Sauti inabeba dini kuliko picha. Kwenye filamu fupi tuliyoifanya, tulihitaji alfajiri, tukaweka adhana tuliyoirekodi dirishani, chini ya sini ambayo mchawi anaosha mikono baada ya kuua. Tuliionyesha kwenye ukumbi mdogo wa mtaa. Mzee mmoja aliyevaa barakashia alisimama, akatoka taratibu bila kusema neno. Kosa lilikuwa langu, na nilimfuata nje kumwomba radhi. Alfajiri ina jogoo, ina mafagio uani, ina muuza uji. Kengele za kanisa, adhana, kaswida na pambio zitumike pale tu ambapo hadithi inamhusu aliyeziita.

Hatua ya nane: wasomaji wanne, kisha Bodi

Rasimu ikitulia, ipeleke kwa sheikh, kwa mchungaji au padri, kwa mzee wa mila, na kwa kijana asiyependa dini kabisa. Kila mmoja peke yake. Wanapokubaliana kwamba sini fulani ni mbaya, ni mbaya. Wanapotofautiana, uamuzi ni wako. Sheria ya filamu na michezo ya kuigiza ni ya mwaka 1976, na kibali cha kushuti hutolewa kupitia Bodi ya Filamu kabla kamera haijawashwa. Ambatisha ukurasa mmoja unaoeleza kwamba dunia ile ni ya kubuni, ibada zake zimetungwa vipi, na ni nani umewashirikisha. Msomaji wa ofisini asiyekuwa na ukurasa huo atakisia.

Siku ya kushuti

Usiweke sini ya ibada siku ya kwanza. Waigizaji hawajazoeana na ibada ya wageni huonekana. Siku ya tatu au ya nne, asubuhi, kabla ya joto. Waigizaji wafanye tendo zima mara moja bila kamera, kwa mwendo wake wa kweli, na asiyehusika akae nje ya uzio wa lokesheni. Uliza mapema kama kuna asiyetaka kutamka kiapo cha kubuni au kupiga goti mbele ya sanamu ya mbao. Wapo, na wana haki yao. Mbadilishie nafasi kimya kimya bila kumtangaza. Kisha mpe dairekta msaidizi lile daftari la maneno akae nalo karibu na kamera, kalamu mkononi, akisikiliza "wallahi".